Ubini, Jina la Ukoo na Jina la Kuzaliwa: Historia ya Majina ya Kusini mwa Nyanza na Funzo Lake kwa Mhakiki

1.0 Utangulizi

Kila mwaka wakati wa kuwasajili watahiniwa wa KCSE unapowadia, mwalimu wa darasa katika shule za huku Magunga huketi na orodha ya majina mbele yake na vyeti vya kuzaliwa kando. Jina lililo kwenye cheti sharti lilingane na jina litakaloingia katika orodha ya mtihani, herufi kwa herufi. Kazi hii huonekana kuwa ya ukarani tu. Hata hivyo, ni katika kazi hii ambapo mwalimu hugundua kwamba majina ya wanafunzi wake yana historia ambayo fomu haina nafasi ya kuihifadhi.

Mwaka mmoja tulikuwa na ndugu wawili shuleni, wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa alikuwa katika Kidato cha Nne, na jina lake la mwisho lilikuwa la baba. Mdogo alikuwa katika Kidato cha Pili, na jina lake la mwisho lilikuwa la babu. Walipokwenda kuomba msaada wa karo katika afisi fulani, karani aliwarudisha akisema kwamba hawawezi kuwa ndugu kwa sababu jina lao la ukoo halifanani. Walitumwa kwa chifu wakalete barua. Walipoileta, wakatumwa tena kwa barua nyingine. Mdogo alikaa nyumbani majuma matatu ya muhula. Kosa halikuwa la watoto wala la baba yao. Lilikuwa la fomu isiyowajua watu inaowauliza maswali.

Nimelitaja tukio hili kwa kuwa kosa lilo hilo hutendeka katika uhakiki wa fasihi. Mtahiniwa hukutana na jina la mhusika, akalitafsiri kama neno la kawaida, kisha akatangaza kwamba amepata sifa ya mhusika. Karani na mtahiniwa huyo wana ugonjwa mmoja: wote hulisoma jina bila kuuliza lilitoka wapi. Makala hii itachunguza jinsi majina ya kusini mwa Nyanza yalivyogeuka kuwa yale tunayoyaita leo majina ya ukoo, na kisha itaonyesha funzo ambalo historia hiyo inampa mwalimu na mtahiniwa wa fasihi.

2.0 Istilahi tatu zinazochanganywa

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kutenganisha istilahi tatu. Jina la kuzaliwa ni lile analopewa mtoto mwenyewe. Ubini ni jina la baba linalofuata jina la mtoto. Neno lenyewe limetokana na bin, yaani mwana wa. Jina la ukoo ni jina la kundi zima la watu wanaojihesabu kuwa wa asili moja, walio hai na waliokufa.

Katika lugha ya afisi, istilahi hizi mbili za mwisho hufanywa kitu kimoja. Fomu huuliza jina la ukoo, naye mtu wa Gwassi huandika jina la baba au la babu. Ukoo wake halisi anaujua vizuri sana: ndio unaomzuia kuoa mahali fulani, na ndio unaomwambia atazikwa wapi. Lakini jina la ukoo huo haliandikwi kwenye kitambulisho chake. Kwa hivyo, kile kinachoitwa jina la ukoo katika fomu mara nyingi ni jina la kuzaliwa la mtu mmoja aliyeishi zamani, lililoganda mahali pa ubini.

Jambo hili si geni katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kama Shaaban Robert alikuwa Mkristo kwa sababu ya jina Robert. Mwandishi huyu, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka wa 1909 na kufariki mwaka wa 1962, alikuwa Mwislamu na aliitwa pia Shaaban bin Robert. Robert ni ubini, jina la baba yake. Neno dogo bin linapoachwa, msomaji huanza kubahatisha. Kithaka wa Mberia, mwandishi wa tamthilia ya Kifo Kisimani, amelihifadhi neno hilo dogo kwa umbo la wa, na Ngũgĩ wa Thiong'o (1938-2025) alifanya vivyo hivyo alipoliacha jina James. Katika Dholuo neno hilo ni wuod kwa mwana wa kiume na nyar kwa binti.

3.0 Jina kama kumbukumbu ya tukio

Majina mengi ya Waluo hueleza wakati au hali ya kuzaliwa. Okinyi na Akinyi walizaliwa asubuhi. Onyango na Anyango walizaliwa jua likipanda, Ochieng' na Achieng' jua likiwa kali, Odhiambo na Adhiambo jua likielekea kutua, Otieno na Atieno usiku. Okoth na Akoth walizaliwa mvua ikinyesha. Opiyo na Apiyo ni pacha anayetangulia, Odongo na Adongo ni pacha anayefuata, na Okello au Akello ni mtoto anayezaliwa baada ya pacha. Ouma na Auma walizaliwa kifudifudi.

Yapo pia majina yanayotunza historia ya jamii. Okech ni jina la aliyezaliwa wakati wa njaa. Olweny ni wa wakati wa vita. Obonyo hutokana na nzige, na wazee waliozaliwa nzige walipoivamia Kenya kuanzia mwaka wa 1928 hadi miaka ya mwanzo ya 1930 walikuwa na jina hili tayari kabla afisi ya wilaya haijaandika taarifa yake. Kwa jamii iliyokuwa haiandiki, majina haya yalikuwa kalenda. Mtu aliweza kukadiria umri wa mwenzake kwa kusikia jina tu.

Fauka ya hayo, kuna jina linalotokana na mhenga, liitwalo nying juogi. Mzee aliyefariki huweza kumjia mmoja wa jamaa katika ndoto akitaka jina lake lirudi. Au mtoto hulia bila kukoma, wazee wakayataja majina ya waliotangulia moja baada ya jingine, na mtoto akinyamaza linapotajwa jina fulani, basi hilo ndilo lake. Hivyo basi, mtu aitwaye Otieno huenda hakuzaliwa usiku kamwe; aliyezaliwa usiku ni babu yake ambaye jina lake limemrudia. Hata viambishi O- na A-, ambavyo kwa kawaida hutofautisha wanaume na wanawake, havifanyi hivyo kila mara. Raila Amolo Odinga alikuwa mwanamume, na jina lake la katikati lilianza kwa A-.

Hapa tunapata funzo la kwanza: maana ya neno na maana ya jina si kitu kimoja. Neno linaweza kutafsiriwa kwa kamusi. Jina halitafsiriki mpaka tujue nani aliitwa hivyo kwanza na kwa nini lilirudiwa.

Huku Magunga kuna tabaka jingine la historia. Gwassi ni sehemu ya nchi ya Wasuba, watu wenye asili ya Kibantu ambao mapokeo yao yanasimulia safari ya kuvuka ziwa kutoka upande wa Uganda katika karne ya 18, wakakaa Rusinga, Mfangano, Gwassi, Kaksingri na kwingineko. Baada ya vizazi kadhaa vya kuoana na kufanya biashara na Waluo, wengi wao waliacha lugha yao, Olusuba, wakazungumza Dholuo. Mwanahistoria Henry Okello Ayot alipoandika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1979, aliwaita kwa jina la kuunganisha: Luo-Abasuba. Watu walipobadilisha lugha, watoto nao walianza kuitwa Otieno na Achieng'. Hata hivyo, majina ya koo na ya mahali hayakubadilika kwa kasi hiyo. Katika kisiwa cha Rusinga, Waware na Wanyama wamepakana na Kamasengre na Kaswanga. Ka- ni kiambishi cha Dholuo kinachotaja boma la mtu fulani; Wa- humkumbusha mwanafunzi wa Kiswahili ngeli ya kwanza aliyofunzwa Kidato cha Kwanza. Jina la kuzaliwa la Mgwassi huzungumza Dholuo, ilhali jina la ukoo wake huenda lingali linazungumza lugha ya mababu. Fomu isiyouliza jina la ukoo halisi huufuta upande huo wote.

4.0 Kipande, misheni na daftari la shule

Ni nini basi kilichoyagandisha majina haya? Mambo matatu yalichangia.

Kwanza ni kodi na kipande. Serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, ilihitaji orodha ya wenye nyumba. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915 na ikatekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume mtu mzima alilazimika kubeba kipande chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake. Wengi walikitia katika kikopo cha chuma na kukivaa shingoni. Mtu aliyekuwa na majina manne nyumbani, la kuzaliwa, la mhenga, la utani na la kujisifu, alilazimika kuchagua moja ambalo Mzungu angeliandika. Jina aliloliandika ndilo lililobaki.

Pili ni misheni. Waadventista Wasabato walifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka wa 1906, mwaka ule ule ambao misheni ya Kianglikana ilianzishwa Maseno. Aliyebatizwa alipewa jina jipya, nalo likawekwa mbele. Jina la kuzaliwa likasukumwa nyuma, mahali ambapo Mzungu alizoea kuona jina la familia. Hivyo jina la mtu binafsi likaanza kusomwa kama jina la nyumba nzima.

Tatu ni shule. Daftari la mahudhurio lilitaka majina mawili, na mwalimu aliandika yale aliyoambiwa siku hiyo. Ikiwa mtoto alipelekwa na mjomba, au ikiwa baba alikuwa kazini mbali, jina lililoandikwa huenda lilikuwa la babu au la yeyote aliyejulikana zaidi kijijini. Cheti cha mtihani kilifuata daftari, na kitambulisho kikafuata cheti.

Wanawake walipata mabadiliko makubwa zaidi. Kwa desturi, mwanamke aliyeolewa hakuacha jina lake kamwe. Aliitwa kwa kwao, mathalan nyar Gwassi, au kwa mtoto wake, min Otieno. Mtindo wa kutwaa jina la mume ulikuja pamoja na cheti cha ndoa. Mwandishi Grace Ogot (1930-2015) alizaliwa akiitwa Grace Emily Akinyi, akawa Ogot alipoolewa na mwanahistoria Bethwell Ogot mwaka wa 1959. Tangu hapo msomaji huona mwanamke akibeba jina la O-, jambo ambalo bibi zetu wangelicheka.

5.0 Nyumba moja, majina mawili

Matokeo ya historia hii yanaonekana hata katika familia mashuhuri zaidi nchini. Tuchukue mifano mitatu.

Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, alikuwa mwana wa Odinga Raila. Mwanawe mmoja ni Oburu Oginga. Mwingine alikuwa Raila Odinga (1945-2025). Ndugu hawa ni wa baba mmoja na mama mmoja. Oburu amechukua jina la baba, kama desturi ya wuod inavyotaka. Raila alibeba jina la babu mahali pa ubini, na jina lake la kwanza ni la baba wa babu huyo. Kwa karani wa ile afisi niliyoitaja, hawa wawili wasingekuwa ndugu. Tukumbuke pia kwamba Jaramogi mwenyewe aliyaacha majina yake ya ubatizo, na katika tawasifu yake ya mwaka wa 1967, Not Yet Uhuru, anasimulia jinsi alivyovutana na kanisa kwa kutaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika.

Mfano wa pili unatoka Rusinga, si mbali na hapa. Tom Mboya, aliyezaliwa Kilima Mbogo karibu na Thika mwaka wa 1930 na kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, aliitwa kwa ukamilifu Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Baba yake alikuwa Leonard Ndiege. Ndugu yake alijulikana kwa jina Alphonse Okuku. Baba Ndiege, mwana mmoja Mboya, mwingine Okuku. Hakuna siri yoyote ya nyumbani iliyofichwa hapo. Ni majina ya kuzaliwa tu yaliyoachwa yasimame penye ubini.

Mfano wa tatu ni wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay. Hussein Onyango alikuwa mwana wa Obama. Mwanawe, Barack, angeitwa kwa desturi Barack wuod Onyango, lakini alipokwenda kusoma Hawaii mwaka wa 1959 alijulikana kwa jina la babu yake, Obama. Dada yake wa baba mmoja aliitwa Zeituni Onyango. Huko Marekani, ambako jina la mwisho hurithiwa na nyumba nzima, Obama liligeuka kuwa jina la familia, na mwaka wa 2008 ulimwengu ukalijua. Katika kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, Barack Obama mwana anasimulia alivyoonyeshwa kijitabu cha kazi ambacho babu yake alikibeba kama mtumishi wa nyumbani wakati wa ukoloni. Hapo tunaiona safari nzima: jina la mtu mmoja wa kando ya ziwa, daftari la mkoloni, daftari la chuo, hadi ikulu ya Marekani.

6.0 Funzo kwa mhakiki wa fasihi

Wanafunzi wetu hufunzwa kwamba majazi ni mbinu ya kumpa mhusika jina linaloafikiana na tabia au hali yake. Fasili hii ni sahihi. Neema katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ni binti anayewasaidia wazazi wake, na jina lake linaafiki matendo yake. Tatizo ni pale mwanafunzi anapodhani kwamba kila jina hufanya kazi hiyo, na kwamba kulitafsiri kunatosha. Kutokana na historia tuliyoieleza, napendekeza maswali matatu ambayo mtahiniwa ajiulize: Nani alilitoa jina hili? Lilitolewa kwa sababu gani? Matendo ya mhusika yanalithibitisha au yanalikanusha?

Tuyajaribu maswali haya katika riwaya mbili za Ken Walibora.

Katika Siku Njema (1996), mhusika mkuu anaitwa Kongowea Mswahili. Ni kijana aliyelelewa Tanga na mama yake, Zainabu Makame, ambaye baadaye anafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba yake, Juma Mukosi. Mtahiniwa wa kawaida huandika kwamba jina hilo linaonyesha kuwa mhusika ni mpenzi wa Kiswahili, akaishia hapo. Anayeuliza maswali yetu ataona zaidi. Kongowea ni jina la kale linalohusishwa na Mombasa. Mswahili ni jina la watu wenye lugha. Penye ubini, mahali ambapo jina Mukosi lilipaswa kuwa, pamewekwa jina la jamii nzima. Jina la kijana huyu lina pengo lenye umbo la baba yake, na riwaya nzima ni safari ya kulijaza pengo hilo. Huo ndio uhakiki unaolihusisha jina na msuko.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwamba Mukosi linatokana na mkosi, kwa hivyo baba huyo ni mtu wa bahati mbaya. Sikumnyima alama zote. Nilimwandikia pembeni: umelisikia neno, sasa nionyeshe tukio. Kufanana kwa sauti ni dalili tu. Ithibati ni matendo yaliyomo kitabuni.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), Mtemi Nasaba Bora anabeba jina linalojitangazia ukoo. Nasaba ni mlolongo wa kizazi. Bora ni sifa. Lakini mtawala huyu ana mtoto wa nje ya ndoa ambaye anaachwa mlangoni mwa Amani, mtoto anayepata kuitwa Uhuru. Mwenye jina la nasaba anaikana damu yake mwenyewe. Hapa majazi yamegeuka kinaya, na kinaya hicho hakiwezi kuelezwa na mtahiniwa aliyeishia kuandika kwamba jina linaonyesha anatoka katika ukoo mzuri.

Mwandishi mwenyewe alilijua jambo hili kwa maisha yake. Alichapisha kwa jina Walibora, na katika baadhi ya maandishi yake ya kitaaluma tunaliona pia jina Waliaula. Kamusi hutuambia kwamba aula ni bora zaidi. Mwenye sikio la Kiswahili halihitaji maelezo mengine.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba jina tunaloliita la ukoo katika sehemu zetu mara nyingi si la ukoo wala si la baba. Ni jina la mtu mmoja, aliyezaliwa saa fulani au msimu fulani, lililokamatwa na kipande, likabarikiwa na misheni na kufungwa na daftari la shule. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 53, imempa kila mtoto haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria ya usajili kilichozuia kuandikwa kwa jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa bila ombi la wazazi wote wawili kilikiuka Katiba. Mambo haya hayako mbali na darasa la fasihi. Mtoto aliye kama Kongowea huenda ameketi dawati la mbele.

Mwalimu mwenzangu, unapoita majina asubuhi, mpe kila mwanafunzi nafasi ya kueleza lake angaa mara moja katika mwaka. Mtahiniwa aliyeulizwa habari za jina lake hatalidharau jina la mhusika. Wale ndugu wawili walimaliza shule. Yule mdogo ndiye aliyeniletea orodha ya koo za Gwassi aliyoiandika kwa kuwauliza wazee, na juu yake alikuwa ameandika majina yake yote manne, la ukoo likiwa la mwisho.

Maswali ya mazoezi

1. Tofautisha ubini na jina la ukoo kwa kutolea mifano kutoka jamii yako.
2. "Si kila jina la mhusika ni majazi." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia au riwaya uliyoisoma.
3. Eleza jinsi jina Kongowea Mswahili linavyochangia kuendeleza maudhui ya utambulisho katika Siku Njema.
4. Onyesha jinsi majazi yanavyoweza kugeuka kinaya, ukirejelea Mtemi Nasaba Bora.